Mchoro wa kukatwa kwa leza: karatasi, Inkscape, LibreCAD au FreeCAD?

Fundi wa Kibuye, Kisumu, anayeunda mashine za kukatia ng'ombe majani hahitaji kumiliki leza ndipo aitumie. Anahitaji mchoro. Mashine yenyewe inaweza kuwa Nakuru, Eldoret au Nairobi, na vipande vikashushwa stendi ya basi vikiwa vimefungwa waya na kuandikwa namba ya simu. Taabu ni kwamba kosa la mchoro nalo hupanda basi hilohilo. Bamba lililokatwa milimita nane pungufu halirudishwi. Linabaki kibandani likimsubiri mtu wa vyuma chakavu.

Ndiyo maana swali la "programu gani ni bora" halinisaidii sana. Mimi huanza na lingine: kipande hiki kinaingiana na nini? Kama kuna bolti, beringi, mota au bawaba ya kukutana nayo, kipimo ukishike wewe mwenyewe mpaka mwisho. Kama ni kipande cha kutazamwa tu, unaweza kumwachia mtu mwingine sehemu kubwa ya kazi bila kupoteza chochote. Nitalinganisha njia nne kwa kutumia vipande vitatu ambavyo fundi yeyote wa huku atavitambua: bamba la kukalia mota ya nguvu za farasi 2, jopo la geti lenye maua na jina la mwenye boma, na kishikilio cha umbo la L kinachokunjwa kutoka shiti ya milimita 2.

Karatasi, sampuli na WhatsApp

Hii ndiyo njia ya wengi, na kwa kazi fulani inazishinda zote. Ukiwa na kipande cha zamani kilichochakaa, mpelekee mwenye mashine kipande chenyewe. Atakipima kwa venia (kalipa ya kupimia milimita), ataona mahali kilipolika, atauliza maswali. Gharama yako ni nauli na ada ya uchoraji.

Shida huanza pale kipande hakipo na unachotuma ni picha ya karatasi. Chukua bamba la mota. Kibandiko cha mota ya kilowati 1.5 inayozunguka karibu mara 1,400 kwa dakika mara nyingi huandikwa 90L. Hiyo ni saizi ya fremu kwa kipimo cha kimataifa cha IEC, na maana yake matundu ya miguu yako umbali wa milimita 140 upande mmoja na 125 upande wa pili, na kitovu cha shafti kiko milimita 90 juu ya bamba. Fundi anachora mstatili kwa kalamu, anaweka matundu manne, anaandika 140 na 125, anapiga picha, anatuma. Baadaye kidogo simu inaita.

"Fundi, hii 140 ni kati kwa kati ama ukingo kwa ukingo?"

"Kati kwa kati, mkuu."

Swali hilo likiulizwa, umebahatika. Lisipoulizwa na opereta akachukulia kuwa ni ukingo wa ndani hadi ukingo wa ndani, matundu ya kipenyo cha 9 yatakaa 149 kati kwa kati, na hakuna bolti ya M8 itakayosalimiana na mguu wa mota hiyo. Halafu kuna tepu yetu yenye inchi upande mmoja. Inchi tano na nusu ni milimita 139.7, hiyo haina neno. Lakini 125 ni inchi tano kasoro kidogo, na "kasoro kidogo" ikishasemwa kwenye simu huandikwa 5, yaani 127. Milimita mbili zimekwisha kuliwa kabla leza haijawashwa.

Picha ya simu usiitegemee ifuatishwe kama kipimo. Lenzi hupinda kingo, na simu ikiinama kidogo mraba unageuka trapeza. Skana ya mezani iliyoko saiba ni jambo lingine kabisa. Gasketi ya pampu au flanji inayoenea ndani ya A4, ukiilaza kwenye kioo na rula ya chuma pembeni, inatoka kwa ukubwa wake halisi; ukiskani kwa nukta 300 kwa inchi, milimita 100 za rula zinapaswa kuwa karibu nukta 1,181. Hapo mchoraji ana kitu cha kufuatisha. Na chochote unachopitisha WhatsApp kitume kama hati, maana picha ya kawaida hubanwa na tarakimu ndogo hufifia.

Kwa hiyo karatasi inatosha kwa kipande chenye kingo zilizonyooka na matundu machache, mradi udai kitu kimoja: mwenye mashine akurudishie mchoro wake wenye vipimo uukague kabla ya kukata. Asiyekubali kurudisha mchoro, mimi simpi kazi yenye bolti. Jopo la geti nampa.

Inkscape na CorelDRAW

Hizi ni programu za watu wa mabango. CorelDRAW inalipiwa na imejaa kwenye maduka ya uchapaji. Inkscape ni ya bure. Zote mbili zinachora kwa mikunjo inayovutwa kwa vishikio, na kwa ua, tawi, simba au mwandiko wa kupendeza hakuna kinachozifikia.

Jopo la geti ndilo shamba lake. Unachukua picha ya ua, unaiambia Inkscape ifuatishe, inakupa mistari. Wengi hukwama hapohapo, kwa sababu mstari mweusi wa kalamu ukifuatishwa huwa mistari miwili, mmoja kila upande wa wino. Leza itapita kote kuwili na ule wino wenyewe ndio utakaodondoka. Dawa yake ni kuacha kufikiria mistari na kufikiria maeneo. Paka nyeusi chuma kinachobaki, acha nyeupe tundu. Kisha tazama: kila cheusi kimeshikana na cheusi kingine mpaka kwenye fremu? Kisiwa cheusi kilichozungukwa na weupe pande zote kitaanguka chini ya mashine.

Herufi nazo zina visiwa. A, B, D, O, P, R na Q zote zina tumbo, na tumbo hilo linadondoka usipoliwekea kidaraja cha kulishikilia. Fonti za stensili zinakuja na vidaraja tayari. Ukivikata mwenyewe, usiviache vyembamba kuliko unene wa shiti. Kwa shiti ya geji 16, yaani unene wa karibu milimita 1.6, mimi huweka milimita 3, kwa sababu geti hugongwa, hukwanguliwa na kupakwa rangi upya kila baada ya misimu ya mvua. Ukimaliza, geuza maandishi yawe maumbo. Kompyuta ya mwenye mashine isipokuwa na fonti yako itaweka nyingine, na jina la mwenye boma litatoka kwa herufi ambazo hakuzichagua.

Picha iliyofuatishwa pia huja na nodi maelfu, yaani vituo ambapo kijistari kimoja huungana na kingine. Leza ikipita kwenye vijistari vidogo vidogo hupunguza mwendo kila mahali na kuunguza kona. Bonyeza Ctrl na L, Inkscape itapunguza nodi. Rudia kwa kiasi huku ukitazama ua lisije likawa kiazi.

Sasa udhaifu wake, ambao kwa bamba la mota ni mkubwa. Kwanza, Inkscape inapoonyesha upana wa umbo huhesabu pia unene wa mstari uliochorewa, isipokuwa umebadilisha mpangilio wake uwe wa umbo tupu. Mstatili wa 240 wenye mstari wa milimita 1 utasomeka 241. Wewe unaurekebisha urudi 240, na hapo umeuharibu: njia ambayo leza itafuata sasa ni 239.

Pili, faili za zamani za SVG, aina ambayo Inkscape huhifadhi kwa kawaida. Inkscape ya kabla ya toleo 0.92, lililotoka 2017, ilihesabu nukta 90 kwa inchi. Tangu hapo ni 96. Faili la zamani likifunguliwa bila kurekebishwa, au likipita kwenye programu inayodhani vingine, kila kipimo kinashuka hadi asilimia 93.75. Bamba la 240 linakuwa 225. Matundu ya 140 yanakuwa 131.25. Ubaya wa kosa hili ni upole wake. Faili la milimita likisomwa kama inchi, bamba la 240 linakuwa na urefu wa mita 6 na karibu sentimita 10, na opereta anacheka na kukupigia. Bamba la 225 halimshtui mtu.

Tatu, duara. Ukihamisha kazi kutoka Inkscape kwenda DXF, aina ya faili la mchoro ambalo watu wa leza ya chuma hupokea, duara haliendi kama duara. Linaenda kama mikunjo au kama vipande vilivyonyooka, kutegemea ulivyochagua. Chukua tundu la 47, kipenyo cha nje cha beringi ya 6204. Likigeuzwa pembe 24 zilizo juu ya duara hilo, upana kati ya pande zinazotazamana unakuwa 46.6. Kwa macho ni duara zuri. Kwa beringi ni ukuta.

LibreCAD, QCAD na AutoCAD

LibreCAD ni ya bure, ni ya mchoro bapa tu, na kompyuta kuukuu inaiweza. Ilichipuka kutoka QCAD, kwa hiyo ukiijua moja ya pili haikusumbui. Sura yake ni ya kizamani na maua haiyawezi. Lakini humo duara ni kitovu na nusu kipenyo, tao ni tao, na faili lake la kawaida ni DXF, yaani hakuna kutafsiri katikati.

Bamba la mota ndani ya LibreCAD huandikwa zaidi kuliko linavyochorwa. Kona ya chini kushoto ni 0,0. Mstatili ni 240 kwa 180. Mota lazima isogee ili kukaza mkanda, kwa hiyo badala ya matundu ya mviringo unaweka matundu marefu, na urefu wake ufuate upande wa 140, kwa kuwa mkanda huvutwa kukingamana na shafti. Vitovu vinne vinakaa kwenye 50 na 190 kwa mlalo, 27.5 na 152.5 kwa wima. Kila tundu ni mistari miwili ya milimita 40 iliyoachana kwa 9, ikifungwa ncha zote mbili kwa nusu duara za nusu kipenyo 4.5. Toa: 190 ukiondoa 50 ni 140, 152.5 ukiondoa 27.5 ni 125. Hesabu imekubali na hakuna jicho lililokadiria kitu. Karatasi haikupi hilo, wala Inkscape haikupi kirahisi.

Kuna makosa mawili ambayo LibreCAD haikukingi nayo. La kwanza ni pengo. Mistari miwili inaonekana imegusana kwenye skrini, kumbe kuna nafasi ya sehemu ya mia ya milimita. Leza inahitaji mzingo uliofunga ili ijue upande gani ni wa kutupwa. Njia rahisi ya kukagua ni ile amri ya kuchagua mzingo mzima kwa kubofya mstari mmoja: uchaguzi ukizunguka na kurudi ulikoanzia, umefunga, ukiishia njiani, pale ulipoishia ndipo penye pengo. Chora ukiwa umewasha kunasa ncha na tatizo hili litakuwa nadra.

La pili ni mstari uliolala juu ya mstari. Hutokea ukinakili kipande na kukibandika palepale, au mistatili miwili ikichangia ukingo. Hauuoni, lakini mashine inaukata mara mbili na ukingo unaungua. Aliye na AutoCAD anaandika OVERKILL na yamekwisha. CypCut, programu inayoendesha mashine nyingi za leza za chuma kutoka China, nayo ina vitufe vya kufuta mistari iliyorudiwa na kuunganisha mapengo. Wapo wanaosema basi hakuna haja ya kuhangaika, opereta atasafisha. Atasafisha asichokuwa na shaka nacho. Akikuta mistari miwili iliyoachana kwa nusu milimita hawezi kujua kama ni kosa au ndivyo ulivyotaka.

Kabla ya kutuma, ondoa mistari ya vipimo, fremu ya ukurasa na maandishi, au vyote uvihamishie leya (tabaka la mchoro) yake yenye jina lililo wazi. Leza haitofautishi mstari wa kipimo na mstari wa kukata.

Kuhusu upana wa mkato wenyewe, ambao kwenye shiti nyembamba huwa kama milimita 0.1 hadi 0.3: chora ukubwa wa kipande kilichomalizika. Fidia ni kazi ya opereta, yeye ndiye anayejua nozeli na gesi ya siku hiyo. Ukifidia wewe naye akafidia, tundu litakuwa kosa la watu wawili wanaojitahidi. Kama ni karakana ndogo yenye leza ya akriliki, uliza kwanza. Wengine hukata katikati ya mstari na kukuachia fidia wewe.

Matundu ya kutiwa nyuzi chora kwa saizi ya keekee yake: 5.0 kwa M6, 6.8 kwa M8, 8.5 kwa M10. Tundu lolote lisipungue unene wa bamba. Kwenye chuma cha milimita 6 tundu la milimita 3 litatoka limeyeyuka upande wa chini, heri uweke alama tu kisha utoboe. Na ule mfano wa beringi ya 6204 usiuchukue kama ruhusa ya kuibana moja kwa moja kwenye tundu la leza. Ukingo wa leza huinama kidogo kadiri chuma kinavyozidi unene. Kata 46, mpelekee mtu wa leithi afikishe 47.

AutoCAD yenyewe ni nzuri, na DXF ilitoka kwa Autodesk, waliotoa AutoCAD mwaka 1982. Lakini inalipiwa kwa mwaka, na kwa sahani zenye matundu haikupi kitu ambacho LibreCAD inakunyima isipokuwa wepesi. Mwanafunzi wa politekiniki mwenye leseni ya masomo aitumie kujifunza. Anayenunua kwa ajili ya kibanda, pesa hizo ni shiti kadhaa.

FreeCAD, pale chuma kinapokunjwa

FreeCAD ni programu ya kuchora kitu kizima chenye unene, na kwa bamba bapa ni mzigo. Inakutaka uchore mchoro, uuzuie kwa masharti, uupe unene, kisha utoe uso mmoja kama DXF, wakati LibreCAD ingekuwa imemaliza. Toleo 1.0 lilitoka Novemba 2024 na limetulia kuliko ya nyuma, ila bado linadai kompyuta yenye nguvu kidogo na moyo wa subira.

Kishikilio cha L kinabadilisha hesabu. Kipimo cha nje kiwe 50 upande mmoja na 30 upande wa pili, shiti ya milimita 2. Ukikata kipande cha 80 umekosea, kwa kuwa mkunjo hula na kuvuta chuma kwa wakati mmoja. Kwa nusu kipenyo cha ndani cha 2 na mgawo wa mkunjo (K-factor) wa 0.42, yaani sehemu ya unene ambapo chuma hakivutwi wala hakibanwi, mkunjo wa nyuzi 90 unachukua milimita 4.46 za chuma. Sehemu zilizonyooka ni 46 na 26. Jumla kipande bapa ni 76.46. FreeCAD yenye nyongeza ya kazi za shiti inakufanyia hilo na kulaza kipande chote, matundu yakiwa mahali pake. Sanduku la stima lenye mikunjo minane na matundu kila uso, usilijaribu kwa njia nyingine.

Ila ule mgawo wa 0.42 umetoka wapi? Kitabuni. Mashine ya kukunja ya jirani yako, au vaisi na nyundo, haijasoma kitabu hicho. Kata ukanda wa urefu wa 100 kamili kutoka shiti ileile, ukunje katikati kwa nyuzi 90 mahali utakapokunjia kazi, kisha pima nje pande zote mbili kwa venia. Ukipata 52 na 51.5, jumla ni 103.5, toa 100, na kila mkunjo wako unadai upunguze 3.5. Namba hiyo ni yako na ya mashine hiyo. Ukiwa nayo, kishikilio chenye mkunjo mmoja unaweza kukichora hata LibreCAD: 80 toa 3.5, umemaliza. Kwangu mpaka uko hapo. Mkunjo mmoja au miwili, LibreCAD na ukanda wa majaribio. Zaidi ya hapo, FreeCAD na ukanda huohuo wa majaribio.

Pima pia unene wa shiti yenyewe. Huku tunanunua kwa geji, na geji 16 kwa jedwali la Kiingereza ni milimita 1.63, kwa la Kimarekani ni 1.52, na ile uliyouziwa ni ile venia itakayosema. Kama unaunda kitu chenye ulimi unaoingia kwenye tundu kabla ya kuchomelewa, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utahitaji nyundo au kichomelea kitajaza pengo. Mimi huacha tundu liwe na unene niliopima kuongeza 0.2.

Faili lenyewe: DXF, SVG au PDF

Kwa chuma, tuma DXF. SVG inafaa karakana za akriliki na mbao zinazoendesha leza kwa programu ya LightBurn. PDF tuma pamoja na DXF kama karatasi ya kusoma vipimo. Isiende peke yake kama ya kukatia, kwani inaweza kubeba mistari halisi au picha tupu, na kwa nje zote zinafanana.

DXF ina siri moja ya manufaa: ni maandishi. Ifungue kwa Notepad na utafute $INSUNITS. Chini yake kuna 70, na chini ya hiyo kuna tarakimu moja. Ikiwa 4, faili linasema ni milimita. Ikiwa 1, ni inchi. Ikiwa 0, halisemi kitu na opereta atakisia. Matoleo ya zamani kama R12 hayana mstari huo kabisa, ingawa mashine nyingine huyapenda kwa urahisi wake, kwa kuwa hayabebi mikunjo ya bure bure, ni mistari na matao tu. Kwa vyovyote, weka mraba wa 100 kwa 100 kando ya kipande kwenye leya yake, na uandike kwenye ujumbe kwamba mraba huo haukatwi, ni wa kuhakikisha kipimo. Opereta akiupima na kupata 93.75, ataelewa mara moja kilichotokea.

Ujumbe huo huo useme aina ya chuma, unene kwa milimita, idadi, na kipimo cha tundu moja hadi jingine. Usijisumbue kupanga vipande ndani ya shiti ya futi 8 kwa 4. Mashine ina programu ya kupanga 2440 kwa 1220 vizuri kuliko utakavyopanga wewe, na inajua nafasi ya kuacha kati ya kipande na kipande.

Jambo la mashine yenyewe nitalipitia haraka. Leza ya faiba ni ya chuma, na akriliki angavu haiikati kwa kuwa mwanga wake hupita tu. Leza ya gesi ya CO2 ndiyo ya akriliki, plaiwudi na ngozi. PVC usiipeleke kwa yeyote. Ikiungua hutoa gesi ya asidi inayodhuru mapafu na kula mashine. Na flatibaa yenye matundu matatu haistahili leza wala mchoro. Chukua senta panchi na drili, utamaliza kabla basi halijatoka stendi.

Imebaki kazi iliyo nusu kwa nusu, na ndiyo iliyo nyingi: geti lenye maua katikati na matundu ya bawaba na komeo pembeni. Hapo usichague moja. Fremu, matundu ya bawaba na nafasi ya komeo vichore LibreCAD kwa namba, uhifadhi kama DXF. Maua na jina vitengeneze Inkscape, uvitoe navyo kama DXF, kisha uvilete ndani ya faili la LibreCAD na kuviweka mahali pake. Usifanye kinyume chake. Ukiyapeleka matundu ya bawaba ndani ya Inkscape yatageuka mikunjo, na hutajua kama bado ni 10.5 mpaka bolti ikatae. Ua likipungua nusu milimita kwenye safari hiyo, hakuna mgeni atakayesimama getini na venia.